UZI: Usilipokee jina la kilele kwenye ripoti ya EDS kabla hujalihoji (kisa cha chokaa ya Mji Mkongwe)

Chokaa_Mbichi #1

Assalaam alaykum ndugu zangu. Uzi huu ni mrefu, nivumilieni. Nauandika kwa wenzangu wanaotengeneza nyumba kongwe Unguja na Pemba, na kwa vijana wa kemia ambao siku hizi wanapeleka sampuli kwenye hadubini ya elektroni, ile tunayoiita SEM, wakarudi na karatasi ya EDS (kipimo cha eksirei kinachofanywa ndani ya hadubini hiyo) yenye majina ya elementi na asilimia zake. Karatasi hiyo ikifika kikaoni watu wote hunyamaza. Mie nimeona uamuzi wa ukuta mzima ukikaribia kupitishwa kwa sababu ya kilele kimoja cha mchoro wa EDS kilichopewa jina la elementi jirani yake.

Tulikuwa kwenye nyumba ya ghorofa mbili upande wa Malindi. Lipu ya nje imebambuka, ndani ukuta unatoa chumvi kiasi ambacho ukiuegemea bega linatoka jeupe. Chini ya lipu ya saruji ya juzijuzi tulikuta chokaa ya zamani, nyeupe, imeyashika mawe barabara. Swali likaja: chokaa hii ilichomwa kutokana na jiwe gani? Tumbawe lililotolewa baharini likiwa bichi, au jiwe la nchi kavu linalochimbwa shamba? Tulitaka kujua kwa sababu chokaa ya kurekebishia lazima ielewane na ile iliyomo ukutani, na kwa sababu historia ya nyumba imo ndani ya jibu hilo.

EDS ingeweza kutusaidia kwa njia hii. Tumbawe limejengwa kwa aragonaiti (aina ya kalsiamu kaboneti), na aragonaiti ya matumbawe hubeba stronshiamu, karibu asilimia 0.7 hadi 0.8 ya uzito. Jiwe la nchi kavu nalo lilikuwa tumbawe zama za kale, lakini mvua imelipitia maelfu kwa maelfu ya miaka, sehemu kubwa ya aragonaiti yake imegeuka kalsaiti (aina nyengine ya kaboneti hiyo hiyo) na stronshiamu nyingi imekwenda na maji. Ukilitia tanurini, kinachoondoka ni kaboni dayoksaidi. Stronshiamu inabaki pamoja na kalsiamu yake, na uwiano wao haubadiliki hata baada ya chokaa kuzimwa, kupigwa ukutani na kukauka.

Ripoti ikaja: kalsiamu, oksijeni, kaboni, magnesiamu kidogo, silikoni 0.4. Stronshiamu: haikuonekana. Kikaoni mtu akasema, basi ni jiwe la shamba, tuendelee na ajenda nyengine.

Mie ile silikoni ilinikera. Chokaa ya zamani haikukandwa kwa mashine. Mwashi aliizima, akaichanganya na mchanga na udongo mwekundu kwa jembe, na kila mara vidonge vya chokaa tupu vilibaki bila ya kuvunjika. Ukikata kipande cha lipu unaviona: vyeupe pe, vikubwa kama punje ya mchele, vinakwaruzika kwa ukucha. Hivyo ndivyo vya kupima. Ukielekeza mwale wa elektroni kwenye lipu iliyovizunguka unapima mchanga na udongo. Niliwaandikia maabara kwamba mwale uwekwe katikati ya donge, na picha yao inaonesha walifanya hivyo, donge safi halina hata chembe ya mchanga. Sasa silikoni imeingiaje?

Nikaomba faili la spektra yenyewe, yaani mchoro wa vilele. Jedwali lilikuwa halinitoshi. Walisita kidogo, wakanitumia.

Nikavuta karibu. Kilele cha kalsiamu kilikuwa pale pale panapostahili, 3.69 keV (keV ni kipimo cha nishati ya eksirei), na mdogo wake kwenye 4.01. Kwa hivyo mizani ya mashine ilikuwa sawa. Lakini kile kilichoandikwa silikoni kilikaa kwenye 1.81. Silikoni hukaa 1.74. Tofauti ya 0.07 huioni ukitazama mchoro mzima kuanzia 0 mpaka 20. Ukivuta karibu, ule mstari mwembamba ambao programu inauchora kuonesha mahali pa silikoni ulikuwa umesimama kwenye bega la kushoto la kilele, na upande wa kulia kilele kilikuwa kimenenepa. Stronshiamu mstari wake wa L alfa, yaani mojawapo ya nishati za eksirei zake, ni 1.81, na L beta ni 1.87.

Nikawaomba warudie: donge lile lile, kilovolti 30 (nguvu ya mwale), dakika 10 badala ya 1. Stronshiamu ina mstari mwengine mbali kabisa, K alfa kwenye 14.1 keV, ambako ndani ya chokaa haina jirani wa kugombania naye kiti. Kikatoka. Kifupi, lakini kimesimama wazi juu ya usuli, na yeyote mwenye macho anakiona.

Hiyo ndiyo sababu ya uzi huu. Programu inapoandika jina juu ya kilele inatoa maoni tu. Elementi yenye mstari mmoja unaotiliwa shaka lazima idaiwe mstari wake wa pili kabla ya kuandikwa kwenye ripoti.

Mtoto_Forodhani #2

Wa alaykum salaam. Dada, ahsante sana, lakini wengine tumeishia kemia ya kidato cha nne. Hadubini si ya kukuza picha? Inajuaje hii kalsiamu na hii chuma?

Chokaa_Mbichi #3

Swali zuri mdogo wangu, na bila ya kulijibu yaliyobaki hayataeleweka.

Chukua nyumba ya ghorofa. Kiini cha atomu ndio msingi, elektroni ndio wakaazi. Mwale wa elektroni wa SEM unaingia kwa kasi na kumtoa nje mkaazi wa chini kabisa. Chumba cha chini hakikai tupu: mkaazi wa juu anashuka kukijaza, na nishati anayoipoteza kwa kushuka inatoka kama eksirei. Nyumba za Mji Mkongwe hazilingani urefu wa ghorofa. Mtu aliyezaliwa mtaani anaijua nyumba gizani kwa kuhesabu vidato vya ngazi. Atomu ni hivyo hivyo: urefu wa kushuka ndani ya chuma ni 6.40 keV, ndani ya kalsiamu 3.69, ndani ya klorini 2.62, hapa kwetu na kokote duniani. Kigunduzi kilicho pembeni ya sampuli kinapokea eksirei moja moja, kinapima nishati ya kila moja, na kuzipanga kwenye mchoro. Palipokusanyika nyingi panainuka kilele.

Mpangilio huu aliupima Henry Moseley, kijana wa Kiingereza, mwaka 1913. Aliona mionzi inapanda kwa hatua kufuata namba ya atomu. Aliuawa vitani Gallipoli mwaka 1915 akiwa na miaka 27. Kila tunapobandika jina juu ya kilele tunatumia kazi yake. Raimond Castaing naye mwaka 1951, Paris, alionesha jinsi mwale mwembamba wa elektroni unavyoweza kupima kemia ya kidoa kidogo tu cha sampuli.

Tatizo letu linatoka hapa: kigunduzi cha EDS hakichori kilele chembamba kama uzi. Kinachora kilima. Upana wa kilima hicho ni kama 0.13 keV ukipimwa kwenye manganisi, na kwenye nishati ndogo kinakuwa chembamba kidogo. Vilele viwili vilivyokaribiana kuliko hapo vinapanda mgongoni mwa mwenzake, na programu inalazimika kuchagua jina.

Na jengine, EDS inataja elementi tu. Haidrojeni haiioni kabisa, kwa hivyo haiwezi peke yake kukwambia kama donge bado ni chokaa iliyozimwa au limeshageuka kaboneti. Kaboni nayo ni ya kuogopwa, maana sampuli yenyewe tunaipaka kaboni ili umeme usijikusanye juu yake. Kwa swali hilo kamua ndimu juu ya unga wa donge. Unga ukitoa mapovu, kaboneti imo.

Ami_Fundi #4

Mwanangu, mie ni mwashi, haya ya keVi siyajui, ila nimesoma mpaka mwisho. Nina neno moja. Sisi tulichoma chokaa kwa magogo. Unapanga magogo duara, mawe unayapandisha juu, moto unakula mpaka yote yanakaa chini pamoja. Majivu hayatengwi yote. Mnapopima donge mnapima na majivu ya watu. Hilo mmelifikiria?

Chokaa_Mbichi #5

Ami, shikamoo. Wallahi hilo neno lina uzito kuliko kurasa tatu za ile ripoti.

Ndiyo, majivu ya kuni yana kalsiamu nyingi yenyewe, pamoja na potasiamu, magnesiamu, fosforasi kidogo na silikoni. Kwa hivyo silikoni ya kweli ndani ya donge inaweza kutoka kwenye majivu, na ndiyo maana sikutaka kukitupa kile kilele bila ya kukithibitisha. Nilitafuta potasiamu kwenye 3.31 ndani ya donge, sikuiona. Lakini chumvi za potasiamu huyeyuka majini, na ukuta ule umelowa mvua za masika nyingi, kwa hivyo kukosekana kwake hakusemi mengi. Kilichonihakikishia ni mahali pa kilele na ule mstari wa 14.1. Silikoni haiwezi kutoa mstari kule.

Unapoangalia donge kwa macho, Ami, majivu huonekanaje?

Ami_Fundi #6

Marahaba. Donge la majivu ni la kijivujivu na lina weusi mdogo mdogo wa mkaa. La chokaa tupu ukilivunja ndani jeupe moja kwa moja. Fundi hakosei hapo.

Chokaa_Mbichi #7

Nimeandika kwenye daftari langu. Tutachagua madonge pamoja nawe kabla hatujapeleka chochote tena.

Bahari_Wete #8

Salaam kutoka Pemba. Mimi ni mwalimu wa skuli, fizikia na kemia. Wanafunzi wangu walipeleka makome ya pwani kupitia rafiki yetu aliyeko chuoni bara, wakapimiwa EDS. Ripoti ina kalsiamu, kaboni, oksijeni kama tulivyotaraji, na fosforasi 0.5. Watoto wameshaandika kwenye bango lao kwamba fosforasi inatoka kwenye mbolea inayoshuka na mvua. Baada ya kusoma uzi huu nimepata wasiwasi. Dada, fosforasi ni 2.01, na sioni jirani wa kalsiamu hapo.

Chokaa_Mbichi #9

Mwalimu, angalia kilele kimekaa wapi hasa. Kama ni 1.95 na si 2.01, hiyo si fosforasi.

Kigunduzi chenyewe kimetengenezwa kwa silikoni. Eksirei ya kalsiamu ikiingia na 3.69, mara chache humgonga mkaazi wa chini wa atomu ya silikoni ndani ya kigunduzi, na eksirei ya silikoni ya 1.74 ikatoroka nje badala ya kumezwa. Kigunduzi kinahesabu kilichobaki: 3.69 ukitoa 1.74, unapata 1.95. Unapata kilele kidogo, chini ya asilimia 2 ya kilele mama, mahali ambapo hakuna elementi yoyote. Sisi tunakiita kilele mtoro. Kwenye kitu kilichojaa kalsiamu kama kome, tumbawe au chokaa, mtoro huyu anakwenda kukaa karibu kabisa na nyumba ya fosforasi.

Programu nyingi za sasa zinamwondoa zenyewe, lakini ni mpangilio unaoweza kuzimwa, na nimeshakuta umezimwa. Muulize rafiki yako mambo mawili: kuondoa vilele vitoro kulikuwa kumewashwa? Na sampuli ilipakwa kaboni au dhahabu? Dhahabu ina kilele chake kwenye 2.12, na bega lake la kushoto linaangukia fosforasi. Kwa kazi ya chokaa na makome ombeni kaboni daima.

Bahari_Wete #10

Nimempigia. Ilipakwa dhahabu. Na kilele kiko 1.96, kimeegemea ule mlima wa dhahabu. Kesho asubuhi nitaanza kipindi na watoto kwa spektra hiyo ukutani. Bango tutalibadilisha, na nadhani watajifunza zaidi kwa hili kuliko kwa bango la mwanzo.

Nina swali jengine. Kwetu Pemba watu wanaipenda sana habari ya Mtambwe Mkuu, zile sarafu za fedha zaidi ya 2,000 zilizofukuliwa mwaka 1984. Vijana wananiuliza, sarafu kama ile ukiiweka kwenye SEM utajua imechanganywa shaba kiasi gani?

Chokaa_Mbichi #11

Mwalimu, kwa sarafu ya zamani ningesema kwa upole: EDS ya juu juu itadanganya, hata kama kila kilele kimepewa jina sahihi.

Mwale unaingia kina kidogo mno. Ndani ya chokaa, kwa kilovolti 20, elektroni zinafika kama maikroni 4; kwa kilovolti 10, zaidi kidogo ya 1. Unywele wa binadamu ni kama maikroni 70. Ndani ya fedha ni kina kidogo zaidi, kwa sababu fedha ni nzito. Sarafu iliyolala ardhini karne nyingi hupoteza shaba kwenye ngozi yake ya juu, fedha ikabaki. Kwa hivyo unasoma fedha nyingi kuliko iliyomo tumboni. Ili kuujua mchanganyiko wa kweli ingebidi uikate, na sarafu ya Mtambwe haikatwi. Zipo njia nyengine zinazoingia ndani zaidi au zinazochukua chembe ndogo sana. EDS inafaa kwa kutu, kwa udongo ulioganda, kwa vipande ambavyo tayari vimevunjika.

Injinia_Ngambo #12

Dada, je, SEM inaweza kunionesha kama mtu alishatia saruji ndani ya chokaa ya zamani? Tokea ubavu wa jumba la Beit el Ajaib ulipoporomoka Desemba 2020 naulizwa swali hili kila wiki, na mara nyingi nasema kwa kukisia.

Chokaa_Mbichi #13

Inaweza, na hapa kazi ni nyepesi. Saruji haiishi yote kumenyuka na maji; viini vya chembe zake hubaki. Agiza sampuli isuguliwe iwe bapa, utazame kwa picha ya elektroni zinazorudi, ambamo kitu kizito kinang'aa. Chembe za saruji zinang'aa kuliko chokaa inayozizunguka. Weka mwale juu yake: kalsiamu na silikoni, atomu za kalsiamu karibu mara 3 ya silikoni kwenye zile kubwa, na katikati yao ute unaong'aa zaidi wenye chuma na aluminiamu. Chokaa na udongo mwekundu havina umbo hilo. Ukiona hata chembe chache, ukuta ule umeguswa baada ya saruji kufika.

Kuhusu chumvi, mwambie maabara asikusugulie sampuli kwa maji. Chumvi itaondoka na maji ya kusugulia, halafu ramani ya klorini itatoka tupu na utaambiwa ukuta ni mzima. Wasugue kwa mafuta au spiriti isiyo na maji. Hili nimelipata kwa hasara ya sampuli mbili ambazo hazipatikani tena.

Ukhti_Jambiani #14

Assalaam alaykum. Nimejiunga leo kwa sababu ya uzi huu, na nina jambo linalonikosesha usingizi.

Tuna mlango wa kuchonga wa marehemu babu, umepakwa rangi tabaka juu ya tabaka. Mume wangu alitaka kuukwangua na kuupiga msasa ili urudi mti wake. Tuna watoto wawili wadogo. Ndugu yetu mmoja alituchukulia vipande vya rangi vikapimwe, kwa sababu alisikia rangi za zamani zina risasi. Ripoti imesema: salfa 11, bariamu, titaniamu, zinki, kalsiamu. Risasi hakuna. Mume wangu ameshanunua msasa. Lakini nimesoma hapa habari za jirani na jirani. Je, salfa ina jirani?

Chokaa_Mbichi #15

Wa alaykum salaam dada yangu. Tafadhali mwambie shemeji asubiri. Asikwangue kitu leo.

Salfa ina jirani, naye ni risasi. Salfa K alfa ni 2.31. Risasi, mstari wake wa M, ni 2.35. Zimeachana 0.04 tu, EDS haizitengi kwa macho. Ni katika makosa ya zamani zaidi ya chombo hiki. Kwenye rangi salfa inaweza kuwa ya kweli kabisa, maana bariamu salfeti ni unga mweupe uliotumika sana kwenye rangi. Inaweza pia kuwa risasi iliyovishwa jina la salfa, au zote mbili pamoja.

Risasi ina mistari ya pili iliyo mbali: 10.55 na 12.6. Kwa hivyo naomba uniangalizie pembeni ya mchoro, chini au juu, kuna maandishi madogo yanayotaja kilovolti. Yanasema ngapi?

Ukhti_Jambiani #16

Yanasema 10 kV.

Chokaa_Mbichi #17

Basi ripoti hiyo haina uwezo wa kusema risasi hakuna.

Ili risasi itoe ule mstari wa 10.55, elektroni inayoipiga lazima iwe na nishati zaidi ya 13.04 keV. Mwale wao ulikuwa na 10. Hata mlango wote ungekuwa risasi tupu, mstari ule usingetoka. Ni kama kumtafuta mtu ghorofa ya tatu kwa ngazi inayoishia ya pili, kisha ukarudi kusema hayupo. Si lazima walikuwa na nia mbaya. Kilovolti 10 ni chaguo zuri kwa mambo mengine, kwa mfano kupima tabaka jembamba. Ila kwa swali lako halifai, na aliyeandika "hakuna" alipaswa kuandika "haikutafutwa".

Mwambie ndugu yenu aombe kipimo kile kile kwa kilovolti 20 au 25, tabaka moja moja, aangalie 10.55 na 12.6. Bariamu na titaniamu nazo zihojiwe, maana bariamu 4.47 na titaniamu 4.51 ni majirani wengine wa ukuta mmoja. Bariamu ina mistari ya ziada kwenye 4.83 na 5.16 inayomtambulisha.

Na mpaka jibu litoke: watoto wasicheze karibu na mlango, vumbi lililoanguka lifutwe kwa kitambaa kilicholowa, lisifagiwe kwa ufagio likapeperuka. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa hakina madhara. Kwa mtoto mdogo anayetia vidole mdomoni hili halichezewi.

Ami_Fundi #18

Binti, na hata kama hakuna risasi, mlango wa kuchonga haupigwi msasa mkavu. Unakula ncha za maua. Nakusihi.

Mtoto_Forodhani #19

Nilidhani huu uzi ni wa mawe. Naendelea kusoma.

Bahari_Wete #20

Dada Chokaa, turudi kwenye ukuta wako. Umeona stronshiamu kwenye 1.81 na 14.1. Sasa umeamua ni tumbawe la baharini?

Chokaa_Mbichi #21

Bado, Mwalimu, na nataka niwe mkweli hapa kwa sababu nimewalaumu wengine kwa haraka.

Nina hakika stronshiamu imo. Kiasi chake sina hakika nacho. EDS ya kawaida inaanza kupoteza macho chini ya asilimia 0.1 ya uzito, na mimi nacheza juu kidogo tu ya hapo, kwa kilele kidogo kwenye 14.1 ambapo kigunduzi chenyewe hakishiki eksirei zote. Namba niliyoipata inaniambia ni nyingi kuliko nilivyotaraji kwa jiwe la shamba. Lakini mawe ya shamba hayakuoshwa sawasawa. Vipo vipande ambavyo bado vina aragonaiti yao. Sijawahi kupima jiwe la shamba kutoka machimbo yetu kwa mashine ile ile na mipangilio ile ile. Nalinganisha na kitabu.

Ninachohitaji ni mawe ninayoyajua asili yake, yamechomwa na kuzimwa na mtu anayejua kazi, kisha yapimwe siku moja na donge la Malindi. Na sitaki kuona mtu anakwenda kuvunja tumbawe hai kwa ajili yangu. Mwamba ule ni mazalio ya samaki na ukuta wa pwani yetu, hauguswi. Hata tukithibitisha kwamba wazee walichoma matumbawe mabichi, sisi tutachoma ya nchi kavu na kutafuta mchanganyiko unaokaribiana.

Ami_Fundi #22

Mwanangu, tumbawe la baharini ninalo bila ya kwenda baharini. Kuna vipande vya vizingiti na nguzo za mlango kwenye kifusi cha nyumba iliyobomoka miaka mingi, vile laini vya kuchongwa, utaviona vina nyota ndogo ndogo ndani. Mwenye kifusi ni rafiki yangu, nitamwomba kimoja. Na jiwe la shamba nitakuletea kutoka machimbo mawili tofauti. Nani atachoma?

Chokaa_Mbichi #23

Ami, Mungu akuweke. Kifusi ni bora, kwa sababu ni jiwe lile lile wazee walilolishika. Ila liwe la ndani ya kipande, tusichukue ngozi ya juu iliyokula mvua.

Kuhusu kuchoma, tunahitaji moto wa kama nyuzi 900 za Selsiasi, na majivu yasiguse jiwe, kwa sababu ile ile uliyoisema wewe.

Ami_Fundi #24

Jiko la mfua chuma, kwa mvukuto. Mawe ndani ya chungu kilichofunikwa kwa kigae. Jivu haliingii.

Ukhti_Jambiani #25

Assalaam alaykum tena. Zimepita siku kumi na moja. Wamerudia kwa kilovolti 25. Tabaka la juu, la buluu, risasi haikutoka. Tabaka la tatu kutoka juu, jeupe lililokaribia mti, limetoa 10.55 na 12.6, vilele virefu. Ndugu yetu ametuma picha, nimeviona mwenyewe.

Msasa tumeurudisha dukani. Mlango tumeufunika kwa kanga mbili mpaka tupate mtu wa kuushughulikia kwa njia salama, na watoto tutawapeleka wakapimwe damu. Dada, sijui nikushukuru vipi.

Chokaa_Mbichi #26

Alhamdulillah. Mlango ulio mzima unaweza kubaki na rangi yake, hatari iko kwenye vumbi. Wakikupimia watoto, hata majibu yakiwa mazuri, rudia baada ya miezi kadhaa kama daktari atakavyosema. Niandikie pembeni wakati wowote.

Ami_Fundi #27

Jumaamosi baada ya alasiri, mlango wa nyuma kwa mfua chuma. Mawe matatu yako tayari. Tumbawe la kifusi nimelifunga kitambaa cheupe, ya shamba mawili nimeyafunga cheusi na chekundu. Njoo na glavu, mwanangu, na miwani. Chokaa ikizimwa inaruka.

Chokaa_Mbichi #28

Nitakuja, Ami, na mifuko ya kuandikwa kwa penseli, maana wino unafutika. Vyungu vitatu, kimoja kwa kila jiwe, tusivichanganye. Mwalimu Bahari, nitakutumia spektra zote tatu na ile ya Malindi bila ya majina juu ya vilele, watoto waziandike wenyewe kwanza.